Chokaa kwenye Miti ya Mwalimu

Mwalimu hakuwahi kuchelewa kwa konokono. Kwa binadamu alichelewa kila siku: vikao vya shule, harusi za watu, hata hitima ya dada yake mwenyewe alifika watu wameshaanza kukunja mikeka. Lakini kila alfajiri, akishaswali na kabla hajaonja chai, alikuwa keshasimama chini ya mizambarau ya uani kwetu na mtandio wake wa kuswalia ungali kichwani, kainua shingo, anawatafuta mmoja mmoja kwenye majani. Nilikuwa nikimsikia kutoka kitandani akiwaambia, "Haya, mmeamkaje wenyewe?" Nami nacheka ndani ya shuka.

Tulikaa ua mmoja Raskazone, nyuma ya nyumba kubwa ya zamani ambayo mwenyewe, mzee wa asili ya Oman, alikuwa akija kuitazama mara moja baada ya miaka. Sisi tulipanga vyumba vya uani, vile vilivyokuwa vya watumishi. Mwalimu cha kwanza, mimi na cherehani yangu cha pili. Kabla ya hapo alinifundisha baiolojia sekondari, na mpaka leo sijasamehewa panzi niliyempasua vibaya. Alizaliwa wapi, kwao nani ni nani, hayo watu wa kwao watayasema. Mimi nasema niliyoyaona pale uani, na moja nililolifanya mwenyewe.

Konokono wenyewe walikuwa wadogo, hawazidi ukucha wa kidole gumba. Gamba lao la manjano, kama maganda ya ndimu iliyoiva, na uzi mmoja wa kahawia unaozunguka mpaka nchani. Hawakuwa wale wakubwa wa kahawia wanaotafuna mchicha. Hawa waliishi mitini tu, wakilamba ule ukungu mwembamba wa kijani unaoota juu ya majani na magome, na Mwalimu alisema hawajamkosea mtu tangu dunia iumbwe. Walitoka kwenye kisiwa kidogo mbele ya Kigombe, na kokote kwingine alikotafuta hakuwaona. Na alitafuta, maana likizo zake zote ziliishia huko, wenzake wakienda Dar kuona ndugu, yeye yumo vichakani na darubini ya mkononi na chupa ya chai.

Nimesema hawa wadogo. Wale wakubwa wa kahawia Mwalimu hakuwa na huruma nao hata chembe. Aliwaokota kwenye mchicha wake, akawatupa kwa mabata wa jirani, tena kwa nguvu. Siku moja nilimuuliza, "Mwalimu, si konokono hao hao?" Akaniangalia kama nimemtukania mzazi. "Wale wako kila mahali. Ukiua mia leo, kesho wapo mia na kumi. Hawa wakiisha, wameisha. Huendi dukani ukasema nipe wengine."

Alikuwa hivyo, haeleweki moja kwa moja. Alichukia umbea, na hakuna ndoa ya Raskazone iliyovunjika asijue sababu. Alikataa kuchapa wanafunzi, miaka ile ya fimbo, lakini ulimi wake uliwaliza wavulana wenye ndevu. Aliogopa bahari kuliko kitu chochote, yeye mtoto wa pwani, na bado kila mwaka alipanda ngalawa kwenda kisiwani, macho kafumba, mkono mmoja umeshika ubao na wa pili umenishika mimi, anasoma Yasini kwa sauti mpaka nahodha anakosa raha.

Neno lake lilikuwa moja. Ukimpelekea mchoro wa moyo wa samaki, hata ungekuwa mzuri kama wa kitabuni, angesema, "Umetazama. Sasa tazama tena." Tukaliigiza koridoni, tukampachika jina la Tazama Tena, naye alijua na hakujali. Mpishi wa shule akisema chumvi imetosha, tazama tena. Shekhe wa mtaani akitangaza mwezi umeandama, Mwalimu yuko uani anatazama tena. Lilituchosha sana. Sasa hivi, nikishona, nikiona pindo limekaa sawa, mkono wangu wenyewe unasimama kabla sijakata uzi.

Safari ya kuwahamisha konokono kutoka kisiwani nilikwenda naye. Mwaka ule watu wa matanuri ya chokaa walikuwa wamekikata kile kisiwa karibu chote. Chokaa ya kwetu hupatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe, na mawe hayachomeki bila kuni, na kuni za karibu ndizo zile. Tulikuta visiki, na majivu, na mti mmoja uliobaki kwa sababu ulipinda vibaya juu ya jabali, shoka halikupata pa kusimama. Konokono waliobaki walikuwa humo. Mwalimu alikaa chini kwenye jiwe akauangalia mti ule muda mrefu. Hakulia. Aliniambia tu, "Shika pakacha."

Tuliwaweka juu ya majani mabichi, tukawafunika kwa kanga iliyolowa. Alichukua nusu. Nusu akaiacha, kwa kuwa, alisema, hana haki ya kuwatoa wote kwao. Tuliporudi msimu uliofuata, ule mti nao haukuwepo. Kwa hiyo wale wa uani kwetu, kwenye mizambarau miwili na mlangilangi mmoja, ndio walikuwa wamebaki, na Mwalimu alilijua hilo kila alfajiri alipoinua shingo.

Palikuwa na jambo moja ambalo hakulipenda kuzungumzwa. Aliwahi kutuma magamba matupu kwenye kisanduku cha kiberiti kwa wataalamu wa chuo kimoja. Wakamjibu kwa adabu sana, wakamwomba awapelekee wazima wachache, wawalee ndani ya vioo, ili wakipotea huku wawepo kule. Mwalimu alikataa. "Waje wao. Watatazama hapa hapa, mtini. Mie simtii mtu chupani." Hawakuja. Barua ya pili hakuijibu, na nilipomuuliza, aliniambia nikashone.

Kwa bahati konokono waliukubali ua wetu. Hawana haraka ya kuzaa hao, mtoto mmoja mmoja, lakini baada ya masika ya pili Mwalimu aliniita nje kwa kelele, nikatoka mbio nikidhani nyoka, nikamkuta kashika jani kwa vidole viwili. Juu ya jani kidude cha manjano, kidogo kuliko punje ya mchele. Alicheka mpaka miwani ikamtoka. Sijawahi kumwona na furaha ile kabla wala baada, na nimekuwepo siku aliyostaafu na siku aliyopata jina lake kwenye orodha ya kwenda hija.

Mwaka ule hija iliangukia kiangazi, kabla ya mvua za vuli. Siku mbili kabla ya kuondoka alikuja mlangoni kwangu. Mimi ninatia uzi kwenye sindano, ncha ya uzi mdomoni.

"Sikiliza, mwanangu. Jua hili likizidi, wenyewe watashuka. Watajigandisha chini, mashinani, kwenye gome lenye baridi, watajifunga kwa ute wao mpaka mvua. Utadhani wamekufa. Usiwaguse. Usiwamwagie maji. Usifanye lolote."

"Nimesikia, Mwalimu."

"Sema nilichosema."

"Nisiwaguse."

"Na watakuwa wapi?"

Hapo akaingia mteja, bibi harusi na mashangazi watatu, wanataka nguo yao. Nikainuka kuwakaribisha. Swali la Mwalimu halikujibiwa. Kwa kawaida asingeondoka mpaka ujibu, lakini alikuwa na safari ya Makka kichwani, akatabasamu, akaenda zake.

Basi akaenda. Na sisi majirani tukakubaliana kwamba mtu akitoka nyumba ya Mungu harudi kwenye ua uliochakaa. Tukachanga, tukaamua kupaka chokaa kuta zote za uani, tutundike bendera za kijani, tuite dufu. Kazi nikaisimamia mimi, kwa kuwa ndiye jirani wa ukuta kwa ukuta. Fundi alikuwa mtu wa Kigombe, mpole, mwenye kikohozi. Naye alipitia darasani kwa Mwalimu miaka kadhaa kabla yangu, akaishia kidato cha pili, na kila alipomtaja alisema "Mwalimu wangu."

Alipomaliza kuta, siku ya mapokezi asubuhi, mimi nipo jikoni na vitunguu vya pilau, macho yananitoka machozi. Akasogea dirishani.

"Dada, na miti nayo?"

Mnaijua barabara ya Raskazone, ofisini, shuleni, kila mti umevishwa soksi nyeupe akija mgeni. Nikaona itapendeza. Nikasema, "Na miti nayo. Mpaka usawa wa kifua."

Akaenda. Baada ya kitambo akarudi tena dirishani. "Dada, kuna vidude vimegandia huku chini. Vya manjano. Vingi. Si vya Mwalimu hivi?"

Alitazama tena, yule mtu. Akatembea mara mbili kuja kuniuliza. Mimi nilikuwa nimewazoea wakiwa juu, kwenye majani, masika. Kichwani mwangu wenyewe walikuwa juu. Nikamjibu bila kutoka jikoni, bila hata kugeuka: "Magamba matupu hayo. Wazima wako juu. Kwangua upake, wageni wanakuja."

Akakwangua, akapaka. Chokaa aliitia chumvi, kama mafundi wote, ili ishike. Yale yaliyoanguka niliyafagia mimi kwa mkono wangu, nikayapeleka jalalani pamoja na maganda ya vitunguu.

Mwalimu aliingia uani alasiri, kavaa nyeupe, uso umepungua, mkononi dumu la zamzam. Dufu likapigwa, vigelegele vikapaa. Alikuwa anacheka. Kisha kicheko kikakatika, akaweka dumu chini, akawapita watu wote mpaka kwenye mzambarau wa kwanza. Akaweka kiganja kwenye shina. Alipokitoa kilikuwa cheupe. Akainama, akapapasa kuzunguka mti mzima, akaenda wa pili, akaenda mlangilangi. Dufu likanyamaza lenyewe.

"Nani kapaka miti?"

Fundi alikuwa kwenye jamvi la wanaume, mkono ndani ya sinia. Wote walikuwa wananitazama mimi.

"Fundi, Mwalimu."

"Nani kamwambia?"

Na hapa ndipo ninapotaka kurudi. Nimekwisha kurudi mara nyingi, kwenye cherehani, kwenye sijida, na kila mara ninasema vingine. Lakini siku ile nilisema, "Kajiamulia mwenyewe. Mie nilikuwa jikoni."

Fundi aliinua uso akaniangalia. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayengoja umalizie sentensi. Kisha akanawa mkono, akachukua ndoo yake na brashi, akatoka kwa mlango wa nyuma. Kwa nini hakusema, sijui. Labda aliona si vizuri kubishana na mwanamke mbele za watu siku ya furaha ya mtu. Jioni nilimpelekea bakuli la pilau. Kesho yake bakuli lilirudi limeoshwa, na kifuniko chake, bila neno.

Mwalimu alisema, "Haya, tule," akakaa na wageni mpaka wa mwisho. Asubuhi nilimkuta jalalani na ungo. Aliyaokota yote. Akayapanga chumbani kwake kwenye majani yaliyolowa, akayanyunyizia maji kwa ncha za vidole siku tatu, siku nne. Mmoja akatoa pembe. Mmoja tu. Akamlea kwenye chungu chenye tawi la mlangilangi, dirishani, yeye aliyesema hamtii mtu chupani. Akaishi mpaka kiangazi kilichofuata, peke yake. Siku alipokufa Mwalimu hakuniambia. Nilijua kwa sababu alfajiri ile hakukuwa na "mmeamkaje."

Mimi hakunilaumu hata mara moja. Tena alinishukuru kwa mapokezi. Aliyemlaumu ni fundi. Mwalimu aliyekuwa akiitikia salamu ya kila mtu, hata mlevi, alipokutana na fundi yule njiani alivuka barabara. Mtu akimuuliza habari za kupaka nyumba alisema, "Yule hatazami anachofanya." Na Raskazone neno la Mwalimu lilikuwa neno. Kazi zikamkauka, akahamia Mabawa, na huko nako hakupata, mwisho akarudi kwao Kigombe. Nikasikia anaumwa kifua. Nikasikia, mwaka juzi, amezikwa. Nilikuwa nashona baibui ya mtu. Nikaendelea kushona.

Kwa nini sikusema miaka yote hiyo? Mwanzo niliogopa. Baadaye ilikuwa imeshakuwa zamani, na jambo la zamani unaona kulitoa ni kuchafua nyumba. Hiyo ndiyo sababu, na sina nyingine nzuri zaidi.

Mwezi uliopita mpwa wake wa kike aliniita Mabawa nikampime Mwalimu nguo ya Idi. Anaishi kwake sasa. Presha ya macho imemmaliza, haoni ila mwanga wa dirisha. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia na kuniambia nimenenepa, ameisikia hatua yangu. Nikaanza kumpima. Mabega yake yale yaliyokuwa yakiinuka chini ya mizambarau yamekuwa ya mtoto.

Nikiwa mgongoni mwake akasema, "Yule fundi yuko wapi siku hizi?"

Futi ilinitoka mkononi. "Fundi gani, Mwalimu?"

"Wa chokaa. Nataka aje. Nimezeeka, sitaki kuondoka nimemnunia mtu. Nataka nimwambie nimemsamehe."

Nilikuwa nyuma yake, na hata ningekuwa mbele asingeniona. Ningeweza kusema amefariki, Mungu amrehemu, basi. Mdomo wangu ulishafunguka kusema hivyo. Badala yake nikajikuta nimekaa sakafuni, nimeshika pindo la gauni lake. Nikamwambia. Dirisha la jikoni, mara mbili alizokuja, "kwangua upake," fagio, "kajiamulia." Na kwamba kesha kufa.

Akasema, taratibu, kwa sauti ile ya darasani:

"Nimetoka Makka sina dhambi hata moja, mtoto wewe. Ya kwanza niliyoandikiwa, ulinipa wewe siku ile ile uani. Na mie nikaipokea, sikutazama tena."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Ya wale konokono nitakusamehe. Na mie niliwanyima wale wa chuo, wangekuwepo leo. Hilo ni langu na lako, tutagawana. Lakini huyo mtu si wa kwangu kukusamehe." Akanyoosha mkono hewani akitafuta fimbo yake. "Ana mke?"

"Yuko. Kigombe."

"Ulishapima?"

"Bado mkono mmoja."

"Pima. Kisha nenda kaite bajaji."

Dereva alisema Kigombe ni mbali kwa bajaji. Mwalimu akamuuliza alisoma shule gani. Tukaenda.

Mjane tulimkuta barazani anachambua mchele, kijumba kidogo, kuta nyeupe safi. Akasimama, akamwamkia Mwalimu kabla hatujajitambulisha. Tuliketishwa, tukaletewa maji. Mwalimu hakuyanywa. Alinigusa goti. "Sema wewe. Mie niliambiwa tu. Wewe ulikuwepo."

Nikasema yote tena. Mara ya pili haikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Mjane alisikiliza mikono imetulia juu ya ungo, na nilipomaliza hakulia wala hakunifukuza.

"Mie yote haya nayajua," alisema. "Alinambia siku ile ile. Nikamwambia nenda basi, kamweleze Mwalimu. Akakataa. Kila mwaka namwambia, kila mwaka anakataa. Akisema, 'Mwalimu wangu namjua. Atatazama tena.' Alikuwa anangoja hivyo hivyo, mpaka mwisho."

Mwalimu alinyoosha mkono pembeni, polepole, mpaka ukaupata ukuta.

"Huu kapaka yeye?"

"Ndiye. Mwaka ule ule aliokufa."

Akakiweka kiganja chote kwenye chokaa, akakiacha hapo. Tulikaa hivyo mpaka adhana ya alasiri, na hata mjane alipoleta mkeka wa kuswalia, ilibidi nimtoe mkono mimi.